Kumfundisha Usiyemjua: Dhana Potofu Kuhusu Kugawana Ujuzi wa Hobi Mtandaoni

Mimi hupiga picha chini ya maji, na mpwa wangu hupiga bitiboksi, yaani hutoa milio ya ngoma kwa midomo, ulimi na koo. Ni hobi mbili zisizo na undugu wowote, lakini sote wawili hujibu maswali ya watu tusiowajua kupitia simu, na tulipokaa siku moja kulinganisha makosa yetu tuliona yanafanana mno. Mengi yalitokana na mambo tuliyoyaamini kuhusu ufundishaji wenyewe, wala si upungufu wa ujuzi.

Dhana: Ni lazima uwe bingwa ndipo ufundishe.

Ukweli ni kwamba aliyebobea amekwisha kusahau ugumu wa hatua za mwanzo, na kusahau huko si kiburi, bali ndivyo akili inavyofanya kazi. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliwataka watu wagonge mezani kwa vidole mapigo ya nyimbo maarufu, huku wasikilizaji wakijaribu kutambua kila wimbo. Wagongaji walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani mwake, na anayesikiliza anaisikia meza tu.

Mpwa wangu alikuwa msikilizaji wa meza kwa miezi kadhaa. Video zote za mabingwa wa ng'ambo zilimwambia jambo lilelile: mlio wa ngoma kubwa ni B, wa matoazi ni T, wa ngoma ndogo ni K; tamka kwa nguvu, kisha uongeze kasi. Alitamka kwa nguvu, na kilichotoka hakikuwa ngoma bali mtoto anayemwita baba yake. Shida ilikuwa kwenye lugha. Herufi b tunayoitamka sisi katika neno «baba» huivuta hewa ndani kidogo midomo inapoachana, na sauti ya koo huwa imekwisha kuanza. Mlio wa ngoma unataka kinyume chake: hewa iliyobanwa mdomoni isukumwe nje ghafla, bila sauti ya koo na bila pumzi ya kifuani. Kwa Mswahili, basi, njia fupi ni kuanzia kwenye p wala si b, lakini isiwe p ya paa yule mnyama, ambayo watu wa mwambao huitamka kwa mpumuo. Zuia pumzi kama mtu anayejitwisha gunia, kaza midomo, kisha uiachie. Mlio ukitoka hali pumzi bado umeizuia, umeupata. Tena kuna tabia yetu ya kumalizia silabi kwa irabu: tukiambiwa «ts» tunasema «tsi», na matoazi yanageuka mluzi wa kumwita paka.

Maelezo hayo hayakutoka kwa bingwa yeyote. Aliyatoa kijana aliyekuwa amejifunza mlio huo wiki tatu kabla, naye aliyakumbuka kwa sababu shingo ilikuwa bado inamuuma. Mabingwa wenyewe huenda wasijue wafanyalo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha utafiti ambamo walimpiga mpigaji mmoja wa bitiboksi picha za mwendo kwa mashine ya MRI, ile ionyeshayo ndani ya mwili, wakaona kwamba alikuwa akitoa sauti zinazopatikana katika lugha za mbali, ilhali yeye alizungumza Kiingereza na Kihispania tu. Koo lake lilijifunza bila kumwarifu mwenyewe.

Dhana: Ukitaja mipangilio ya kamera, umeshafundisha.

Hapa kosa ni langu. Mtu mmoja aliniuliza nilivyopata wekundu halisi katika picha ya kiti cha pwani, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota na vinundu vyekundu mgongoni. Nikamjibu kwa mstari mmoja kwamba nilifunga filta nyekundu mbele ya lenzi, nikamtajia na aina yake. Aliinunua. Baada ya wiki mbili alinitumia picha zake, zote nyekundu kana kwamba zimemwagiwa rojo la nyanya, pamoja na shukrani za adabu zilizonichoma kuliko tusi. Nilikuwa nimemficha jambo bila kukusudia: mimi nilipiga picha yangu kwenye kina cha mita 10 hivi, yeye alipiga zake kwenye maji ya kifuani.

Maji hunyonya rangi za mwanga kwa zamu, na nyekundu ndiyo hutangulia. Ukifika mita 5 sehemu kubwa ya wekundu imekwisha kupotea, halafu rangi ya machungwa nayo hufifia, na huko chini kabisa hubaki buluu na kijani. Kiti cha pwani kilekile chenye vinundu vyekundu huonekana cha kahawia iliyokolea, karibu na weusi, hadi ukimulikie tochi kwa karibu. Filta nyekundu husawazisha upotevu huo kwa kupunguza buluu na kijani. Isipokuwapo hasara ya kusawazisha, huiharibu picha. Tena upotevu hauhesabiki kwa kina peke yake, kwani mwanga husafiri pia kutoka kwa kiumbe hadi kwenye lenzi. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kusogea hadi umbali wa mkono una thamani kuliko orodha ya vifaa, na hausaidii rangi pekee. Flashi iliyo jirani na lenzi humulika kila chembe iliyoko kati yako na samaki, na picha hutoka na madoadoa meupe. Ukiiweka flashi pembeni na ukapunguza umbali, chembe hupungua.

Siku hizi nikijibu swali hutaja kina, umbali, saa ya siku na hali ya maji kabla sijagusa habari ya kamera. Jibu huwa refu, na wapo wanaokasirika.

Dhana: Anayegawa ujuzi hujinyang'anya riziki.

Louis Boutan, mwanabiolojia Mfaransa, alianza kupiga picha chini ya bahari mwaka 1893 huko Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1900 alichapisha kitabu kilichoeleza kazi hiyo. Hadi leo jina lake ndilo linalotajwa. Wenye hofu hii huchanganya mbinu na kazi iliyotokana na mbinu. Sheria ya hakimiliki, iwe ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 au ya Kenya ya mwaka 2001, huilinda picha niliyoipiga mimi, lakini haimzuii mtu kusogea karibu na samaki kama nilivyosogea. Anayeichukua picha yangu na kuiweka kwenye tangazo lake bila ruhusa hajajifunza kitu kwangu, ameiba.

Dhana: Kiswahili hakina maneno ya mambo haya.

Kwa baadhi ya vifaa tunakopa, na hakuna aibu katika kusema lenzi, flashi au filta. Kwa maji yenyewe, hata hivyo, Kiswahili kimetangulia. Swali ninaloulizwa zaidi na wageni ni lini bahari inakuwa angavu, nao huandika aya mbili kueleza walichokiona. Mvuvi hukujibu kwa maneno machache: subiri kaskazi itulie, na uende wakati wa maji mafu. Maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo huwa dhaifu na mchanga hautibuliwi sana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hukimbia kwa nguvu na kubeba kila kitu. Huo ni ujuzi wa upigaji picha, ingawa aliyenipa hajawahi kushika kamera.

Dhana: Kila ujuzi unaweza kufundishwa kwa maandishi.

Mpwa wangu akikosea kumwelekeza mtu, mtu huyo atakauka koo. Mimi nikikosea, naweza kuua. Hewa iliyovutwa kutoka kwenye mtungi katika kina cha mita 10 huongezeka ujazo mara mbili ikifika juu, kwa hiyo mzamiaji anayezuia pumzi huku akipanda anaweza kupasuka mapafu, na hata mita chache zinatosha. Anayezama bila mtungi naye ana mtego wake: akihema harakaharaka kabla ya kuzama hapati oksijeni ya maana, anachofanya ni kuipunguza hewa ya ukaa ambayo ndiyo humwashia mtu hamu ya kupumua, na anaweza kuzirai majini bila kuonywa na mwili wake. Mambo haya hufundishwa na mwalimu anayekutazama usoni. Vilevile sitaji mahali nilipomwona kiumbe adimu, na huiondoa alama ya mahali iliyofichwa ndani ya picha kabla ya kuituma, kwa kuwa farasi wa baharini mmoja akizungukwa na flashi kumi kwa siku hana pa kukimbilia.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniomba nimfundishe kukaa chini muda mrefu zaidi ili ampige picha kasa. Habari ya pumzi nilikataa, nikamwambia amtafute mwalimu wa kuzamia. Kisha nikamkumbusha kwamba kasa naye hupumua hewa kama sisi: aelee juu na barakoa yake, atulie, asimfuate, na kasa akipanda kuvuta pumzi atapita kwenye mwanga ambao haujapoteza rangi hata moja.