Glaisemiki indeksi ni nini, na muhogo wa futari unaingiaje hapo

Ikikaribia Ramadhani hapa Mombasa utasikia maneno mawili juu ya watu wenye sukari. Wengine wasema mgonjwa aachane na wali na chapati, ale muhogo na viazi vitamu, kwani hivo ni vyakula vya asili, vimetoka ardhini, havidhuru. Wengine nao ati chochote kilichochimbwa ni wanga mtupu, asiguse kabisa. Pande zote mbili wamechukulia kwamba muhogo ni muhogo, uuchemshe uuchome uupike na nazi ni mamoja, na wallahi si mamoja hata kidogo. Ndio yafaa tuelewe hii glaisemiki indeksi, yaani kipimo cha kasi ambayo chakula chapandisha sukari ya damu, wengi wafupisha GI, ukienda kliniki ya sukari wale watu wa lishe waitaja sana.

Tuanze tumboni. Wanga ni glukosi nyingi zimeshikana kama shanga kwenye uzi. Ukila, vimeng'enya vya mate alafu vya utumbo mdogo vyaukata ule uzi, shanga zaingia kwenye damu, kongosho lahisi sukari imepanda latoa insulini, insulini nayo yaambia misuli ichukue glukosi itumie na ini liweke akiba. Kwa mtu asiye na sukari kazi yote hii yafanyika bila yeye kujua. Mwenye kisukari aina ya pili insulini aweza kuwa nayo lakini mwili hauitikii sawasawa, ama haitoshi, kwa hivo kwake maswali ni mawili: shanga ni ngapi, na zaingia kwa kasi gani. GI yajibu hilo la kasi peke yake, shikilia hapo manake tutarudi.

Aliyeileta ni David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mwaka 1981 (mji ule ule insulini iligunduliwa 1921, wale watu na sukari wana mambo yao). Wapimavyo ni hivi: watu kama kumi walishwa chakula chenye gramu 50 za wanga unaosagika tumboni, watobolewa kidole kila baada ya muda kwa saa mbili, siku nyingine wao hao wanywa gramu 50 za glukosi kwenye maji, bas yalinganishwa sukari ilipanda vipi hapa na pale. Glukosi yenyewe ndio 100. Chakula cha 55 kushuka ni cha GI ndogo, 56 mpaka 69 ya wastani, 70 kupanda ni kubwa.

Sasa njoo kwenye kiazi kitamu uone maajabu. Jamaika walipima aina kumi za viazi vitamu kwa mapishi mbalimbali, vya kuchemsha vikatoka kati ya 41 na 50, vile vile vikachomwa ama vikaokwa vikaruka kutoka 79 hadi tisini na kitu. Kiazi ni kile kile! Kiazi kitamu kina kimeng'enya chake mwenyewe ndani, kikipashwa moto polepole kinaanza kugeuza wanga kuwa maltosi, aina ya sukari, hata kabla hujakitia mdomoni, ule utamu unaonata vidoleni wa kiazi cha kuchoma ndio huo. Kwa hivo mtu akikwambia kiazi kitamu kina GI kadha, muulize kwanza kimepikwa vipi, asipojua mwachie.

Mbatata hata ya kuchemsha iko juu, mara nyingi yapita 70, na ukiiponda yapanda zaidi manake umeshaifanyia kazi ya meno. Lakini ukiichemsha ukaiacha ilale kwenye friji, sehemu ya wanga wake yajipanga upya ikawa ngumu kukatwa na vimeng'enya, yapita mpaka utumbo mpana vile ilivyo, na hata ukiipasha moto tena hairudi yote. Viazi karai navyo vina mafuta, na mafuta yachelewesha tumbo kutoa chakula, kwa hivo kwenye karatasi GI yake yaweza kuonekana nzuri kuliko mbatata ya kupondwa, sasa nani atasema viazi karai na ule unga wake wa manjano ni chakula cha mgonjwa? Kasi imepungua, mafuta yamebaki.

Turudi kwa idadi ya shanga. Ile jedwali ya kwanza ya 1981 karoti ilipewa 92, watu wakaogopa karoti miaka na miaka, kumbe ili upate gramu 50 za wanga kwenye karoti yabidi ule karibu gramu 700 kwa mkupuo mmoja, na sijaona binadamu wa hivo. Vipimo vya baadaye viliishusha sana, lakini hata bila kuishusha ile hofu haikuwa na msingi. Mwaka 1997 watafiti wa Harvard wakaleta glaisemiki lodi, yaani mzigo wenyewe: chukua GI, zidisha na gramu za wanga zilizo kwenye sahani yako, gawa kwa 100. Ikiwa 10 ama chini ni mzigo mdogo, 20 kwenda juu ni mkubwa.

Na hapa ndipo muhogo unapoumbuka. Gramu 100 za muhogo zina wanga kama gramu 38, majimbi kama 26, kiazi kitamu 20 hivi, mbatata 17 hivi, karoti haifiki 10. Muhogo umezidi wote! Vipimo vya GI ya muhogo vyatofautiana sana kutoka aina hadi aina, lakini tuufanyie hisani tuseme ni 50 tu, ndogo kabisa. Sahani ya gramu 200, ambayo kwa futari yetu si sahani ni kionjo, ina wanga gramu 76, zidisha na 50 gawa 100 wapata 38. Karibu mara mbili ya ule mpaka wa mzigo mkubwa, na GI ni "ndogo". Ukiwa unga wa muhogo wa kusonga ugali ndio kabisa, umesagwa tayari.

Alafu tuseme ukweli, muhogo wasingiziwa pia. Kwenye ile meza kuna tende, sharbati, kaimati zimeoga shira, viazi vitamu vya nazi vimetiwa sukari na iliki juu ya utamu wao, mtu apima sukari usiku yuko 15 (kwa vipimo vya mmol/L) asema "muhogo huu!". Mi naona kwa mwenye sukari vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha si tatizo, akianza na samaki na kachumbari ama mbaazi kabla ya wanga, kwani mpangilio huo wapunguza ule mpando. Ndimu kwenye muhogo wa kuchoma pale Lighthouse ufukweni nayo yasaidia kidogo, tindikali yazuia kimeng'enya cha mate, ila kidogo tu, haifuti sahani nzima. Na kila mwili na yake, mwenye mashine apime saa mbili baada ya kula, wengi wenye sukari huambiwa wabaki chini ya 10, aone mwenyewe jimbi lamfanya nini na kiazi chamfanya nini.

Anayechoma insulini ama kumeza vidonge vya kuisukuma insulini asikate wanga ghafla bila kuongea na daktari wake, manake dozi ilipangwa kwa chakula alichokuwa akila, sukari yaweza kushuka ikapitiliza. Ikifika chini ya 3.9, hata kama ni saa kumi jioni na funga imebaki kidogo, afungulie papo hapo, na saa hiyo muhogo haufai hata kwa dawa, atafute kitu cha kasi, vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15.