Tairi Linalofaa Pikipiki ya Masafa Iliyozeeka: Mfano wa BMW K100

Mwezi uliopita mteja aliniletea gereji BMW K100RT ya mwaka 1986 aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, na jambo la kwanza alilonionyesha kwa furaha ni matairi, kwa sababu kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zilikuwa bado nzima, hazijaliwa hata robo. Niliinama, nikafuta vumbi kwenye ubavu wa tairi la nyuma, nikamsomea tarakimu nne zinazofunga msimbo wa DOT, ule wa utambulisho unaochapwa ubavuni: 3109. Maana yake ni kwamba tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 31 ya mwaka 2009. Nilipokandamiza ukucha kwenye mpira, haukuacha alama yoyote, na kwenye mabonde ya kashata kulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo wa mfinyanzi uliokaushwa haraka. Mteja wangu alikuwa amenunua pikipiki nzuri iliyovalishwa mawe.

Pikipiki za aina hii, yaani zile zilizoundwa kubeba watu wawili na mizigo yao mamia ya kilomita kwa siku na bado zikalala vizuri kwenye kona, kwa kawaida hazifi kwa kutumika sana. Nyingi nilizowahi kuzishika zimekaa zaidi kuliko zilivyotembea, ndiyo maana tairi lake huzeeka kabla ya kuisha. Mpira huathiriwa na joto, jua na hewa yenyewe. Mafuta yaliyomo ndani yake yanayoufanya uwe laini hupungua, nao hugeuka mgumu na kupoteza uwezo wa kushika lami, hasa lami iliyolowa. Viwanda kadhaa vikubwa vya matairi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10 tangu kutengenezwa hata kama linaonekana zima. Kwa joto la Dar es Salaam, na kwa pikipiki inayolala nje, mimi sisubiri miaka 10. Msimbo ukiwa na tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na hapo hakuna cha kujadili.

Baada ya umri huja saizi, na hapa ndipo watu wengi hupotezwa na jina la pikipiki. Kuna K100RS yenye injini ya vali 8, ambayo huvaa 100/90-18 mbele (upana kwa milimita, urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, kisha kipenyo cha rimu kwa inchi) na 130/90-17 nyuma kama ilivyo K100RT ya mteja wangu. Na kuna K100RS ya vali 16 iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, yenye rimu nyingine kabisa, inayovaa 120/70-17 mbele na 160/60-18 nyuma. Mtu akiagiza matairi ng'ambo kwa kuandika tu “K100RS” anaweza kupokea mzigo usioingia kwenye rimu zake. Vilevile si busara kunakili saizi iliyoandikwa kwenye tairi lililopo, kwa kuwa mwenye pikipiki wa kwanza, wa pili au wa tatu anaweza kuwa alikosea na wewe ukarithi kosa lake. Soma kijitabu cha pikipiki, kisha soma rimu yenyewe, kwa kuwa upana na kipenyo chake vimechapwa juu ya chuma.

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi kuliko yote ni kama mtu anaweza kuweka tairi pana zaidi ili pikipiki “ipendeze” au “ishike vizuri”. Kijana mmoja alitaka nimwekee 150 nyuma kwenye rimu iliyoundwa kwa ajili ya 130. Ni kweli kwamba tairi hilo lingeweza kulazimishwa liingie, lakini rimu nyembamba hubana miguu ya tairi pana, yaani kingo zinazokaa kwenye rimu, uso wake ukajikunja na kuchongoka katikati, na matokeo yake sehemu inayogusa barabara hupungua badala ya kuongezeka. Pikipiki huwa nzito kuingia kwenye kona, kisha ikishaanza kulala hudondoka ghafla upande mmoja. Tena K100 ya vali 8 ina mkono mmoja tu wa nyuma, ambao ndani yake hupita shafti inayozungusha gurudumu, na nafasi iliyobaki kati ya mkono huo na tairi ni ndogo. Tairi likivimba kidogo kwa joto na mwendo, litasugua chuma.

Wapo wanaotumia 140/80-17 badala ya 130/90-17, na hili angalau linazungumzika. Tarakimu ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, kwa hiyo ubavu wa 130/90 una urefu wa milimita 117, na ule wa 140/80 una milimita 112. Ukijumlisha pande zote mbili, gurudumu zima linapungua kipenyo kwa milimita 10 kutoka takribani 666, yaani asilimia moja na nusu. Kwa kuwa K100 hupima mwendo wake kwenye gurudumu la nyuma, spidomita itasoma juu kidogo kuliko kasi halisi, injini itazunguka kidogo zaidi kwa mwendo uleule, na sehemu ya nyuma itashuka milimita 5, jambo linaloifanya pikipiki igeuke kwa uvivu kidogo. Haya si madhara makubwa, lakini lazima kwanza jedwali la kiwanda cha tairi likubali upana wa rimu yako, na mimi sioni sababu ya kuhangaika hivyo wakati saizi ya asili bado inatengenezwa.

Jambo ambalo wateja wangu hawaliulizi, na ambalo mimi nalipa uzito kuliko upana, ni namna tairi lilivyofumwa. Ndani ya mpira kuna nyuzi. Katika matairi ya mshazari, nyuzi hupita kwa kupishana, tabaka moja likielekea kushoto na jingine kulia, kama ukili unavyosukwa. Ubavu huwa mnene na mgumu, na tairi zima hufanya kazi kama kitu kimoja. Katika matairi ya radiali, nyuzi hukata moja kwa moja kutoka mguu mmoja wa tairi hadi mwingine, kisha mkanda huzungushwa juu yake chini ya kashata. Ubavu huwa mwembamba na laini zaidi, joto hutoka upesi, na uso hutulia vizuri kwenye mwendo mkubwa. Radiali zilianza kuingia kwenye pikipiki za barabarani katikati ya miaka ya 1980, wakati K100 tayari ilikuwa imekwisha kuchorwa. Chasi yake, shokomzoba zake na hasa rimu zake nyembamba vilipangwa kwa kutegemea ubavu mgumu wa tairi la mshazari.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba radiali ni teknolojia mpya na kwa hiyo ni bora, namjibu kwamba ni bora kwenye pikipiki iliyozaliwa nayo. Kwenye alama ya saizi, herufi R kabla ya kipenyo cha rimu huonyesha radiali, ilhali kistari au herufi B huonyesha mshazari au jamaa yake. Kuchanganya aina hizi mbili, hasa kuweka radiali mbele na mshazari nyuma, ni jambo ambalo silifanyi kabisa, kwa sababu ncha mbili za pikipiki huanza kujibu barabara kwa lugha tofauti. Mpangilio wa kinyume chake umewahi kuidhinishwa na viwanda kwa pikipiki fulani, lakini idhini hiyo lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya pikipiki yako.

Uzito nao unataka hesabu, na hesabu yake si ngumu. Baada ya saizi huandikwa tarakimu na herufi, kwa mfano 68V. Tarakimu 68 maana yake ni kilo 315, na 56 ya tairi la mbele ni kilo 224. V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Chukua K100RT yenye kilo zipatazo 250 ikiwa na mafuta, ongeza dereva wa kilo 85, abiria wa kilo 65 na mizigo ya kilo 40, utapata 440. Katika hali hiyo sehemu kubwa ya uzito huegemea nyuma, na tuseme ni asilimia 60: hiyo ni kilo 264 juu ya tairi moja, kabla hujaingia kwenye shimo au kuruka tuta lisilo na alama. Sasa nenda duka la vipuri vya bodaboda uangalie ubavu wa tairi la 3.00-18. Mara nyingi utakuta 47P au 52P, yaani kilo 175 au 200, na mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Ni tairi zuri kwa kazi yake. Nimewahi kuiona K100 ikija kwangu na tairi la namna hiyo mbele, likiwa na tyubu ndani ya rimu isiyohitaji tyubu, na mwenyewe akilalamika kwamba usukani unatikisika akifika kilomita 90.

Katika matairi ya mshazari yaliyotengenezwa kwa fomula za kisasa, ninalolifunga mara nyingi kwenye pikipiki hizi ni Bridgestone Battlax BT-46, lililochukua nafasi ya BT-45 mwaka 2020 na linalopatikana katika saizi zote mbili za K100. Tairi lake la nyuma limeongezewa silika katika mpira, nyenzo inayosaidia kushika lami iliyolowa. Michelin nao wana Road Classic, iliyokuja kumrithi Pilot Activ, na ni tairi ninaloliheshimu. Hakikisha tu kwamba saizi zako mbili zipo kabla ya kulipa. Ninafunga mbele na nyuma vya jina moja, kwa jozi, hata kama tairi la mbele lililopo lina nusu ya maisha yake, kwa sababu mwenye kiwanda alizijaribu pamoja.

Mwenye kusafiri Dar es Salaam hadi Iringa anajua kwa nini nasisitiza mvua na kona kuliko idadi ya kilomita. Karibu safari yote hadi Mikumi ni kunyooka, na tairi huliwa katikati mpaka linakuwa bapa. Kisha unafika Kitonga, ambako unatakiwa kulaza pikipiki kwenye kona kali nyuma ya malori yaendayo Zambia, na mara nyingine dizeli imemwagika njiani. Tairi lililokwisha kuwa bapa huwa na kona mbili kwenye uso wake, na kuzivuka hizo wakati wa kulala humtia dereva wasiwasi hata kama kashata bado zipo. Mimi hubadilisha tairi la nyuma kwa sababu ya umbo lake kabla ya kufikia alama za ukomo wa kashata.

Unaponunua, omba picha ya msimbo wa tarehe kabla ya kutuma pesa. Niliwahi kuagiza jozi iliyotangazwa kuwa mpya, na kwa kweli ilikuwa haijawahi kufungwa, lakini ilinifikia ikiwa na miaka 6 ya kukaa stoo. Tangu siku hiyo sipokei tairi lililozidi miaka miwili, hata likipunguzwa bei.

Kuhusu kufunga nitasema machache. Gurudumu la nyuma la K100 hutoka kwa boliti nne tu, jambo linalopendeza, lakini kwa kuwa halina ekseli ya kupita katikati, fundi wa balansi anahitaji koni inayolingana na tundu lake. Asipokuwa nayo, atakuambia balansi si lazima. Ni lazima. Badilisha valvu kila unapobadilisha tairi, safisha kutu nyeupe ya aluminiamu mahali tairi linapokaa kwenye rimu, maana ndiko upepo unakovujia taratibu, na fuata mshale wa mzunguko ulioko ubavuni. Usukani ukiendelea kutikisika na matairi mapya, kagua beringi za shingo kabla ya kulilaumu tairi.

Lipo kosa moja la upepo ambalo limeenea sana kwetu: watu hupunguza upepo wakati wa jua kali wakiogopa tairi litapasuka. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakozalisha joto linaloliua. Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, ujaze kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu kulingana na mzigo. Ukipenda kuhakiki, pima tena baada ya saa moja ya safari: kama ulianza na psi 36 na sasa unasoma karibu 40, mambo ni sawa; ukisoma 44, ulianza na upepo mdogo mno kwa mzigo uliobeba.

Mteja wangu aliondoka na BT-46 mbili za mwaka huu. Nilimwomba aendeshe kilomita 150 za kwanza kwa upole, akiongeza kulala kidogo kidogo, asishike breki kwa ghafla, kwa kuwa uso wa tairi jipya huteleza mpaka utakapokwaruzwa na lami. Alirudi wiki ya pili nimkazie boliti na kupima upepo. Mistari ya mpira uliotumika ilikuwa imefika karibu na ukingo pande zote mbili, ingawa upande wa kulia ulikuwa umechelewa kidogo, nami nikajua kona zipi zinampa shida.