Kabla Boti Haijafika

Mama akipigwa usiku kwenye visiwa vidogo vya wilaya ya Ukerewe, au Kome au Maisome, ndani ya Ziwa Victoria, boti ya kwenda mjini haipo mpaka alfajiri, na ziwa likichafuka hata alfajiri haipo. Dawati la Jinsia na Watoto, linalopokea kesi kama hizi, mara nyingi liko kituo cha polisi ng'ambo ya maji. Wa kwanza kwake ni jirani aliyesikia kelele akazima redio ili asikie vizuri.

Jirani huyo asianze na "ulimfanya nini?" Amtoe pale pamoja na watoto, na asitangaze alikomficha.

Kama amebakwa, muda ni mfupi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumika ndani ya saa 72; kadiri mapema ndivyo bora. Asioge. Nguo zake zifungwe kwenye karatasi au kanga kavu, si kwenye rambo, kwani unyevu huharibu ushahidi. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, inahitajika kwa kesi, lakini anayevuja damu aanze kutibiwa zahanati, fomu ifuate.

Kinachokwamisha wengi ni nauli. Kwenye mwalo mmoja nilikuta akina mama waanika dagaa wanaotumia mfuko wa jamii wa kikoba chao kumvusha mwenzao aliyeumizwa. Siku ya kwanza walikwama: sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mmoja alikuwa msibani Nansio. Tangu hapo nauli ya safari moja hukaa nje ya sanduku, kwa mhazini, na nahodha mmoja wamekwishapatana naye. Hawakungoja semina, na sidhani sisi tunaoziendesha tungewaza hilo la funguo.

Wazee nao huitwa kusuluhisha. Kuna nyumba binti hurudishwa kwa mume kwa sababu ng'ombe wa mahari wameshaliwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumchapa mwenzake, hata ng'ombe wawe mia. Na ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wa faini. Ni jinai, kesi ni ya Jamhuri.

Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, umeweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji. Mwombe mtendaji akuonyeshe daftari la vikao. Likiwa jeupe, lisemee kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Aliyeumizwa akiwa mtoto, piga 116, ni bure.