Je, wajua kwa nini mfuniko wa mlango wa sitaha hupimwa kwa boksi?

Chombo cha baharini cha mbao kikishapita miaka thelathini, mfuniko wa mlango wa sitaha (sakafu ya juu ya chombo), yaani wa lile tundu la kushukia chini, huwa umechoka. Unakanyagwa kila siku, mchana jua, usiku umande. Mwite fundi aliyezoea kazi atengeneze mpya, utashangaa: futi kamba anaiacha mfukoni, anauliza kama kuna boksi kuukuu la karatasi ngumu.

Tundu hilo halina tena pembe mraba, na pengine halikuwa nazo hata siku chombo kiliposhushwa majini. Pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha zile mbili zilizobaki. Vipimo visipolingana, mfuniko uliokatwa mraba utakaa upande. Tena sitaha yenyewe ina mgongo, imebinuka katikati ili maji yateremke pembeni. Basi boksi hulazwa juu ya tundu, likachorwa kwa penseli kufuata ukingo ulivyo, likaandikwa "juu" na "mbele". Maandishi hayo usiyadharau. Niliwahi kugeuza boksi bila kujua, nikapata mfuniko uliopigwa randa vizuri kabisa, ila ulikaa sawa pale tu ulipowekwa uso chini.

Kinachozuia maji hasa ni kizingiti, ule ukuta mfupi unaozunguka tundu. Maji yanayotambaa kwenye sitaha yanagonga kizingiti, na yanayotoka juu yanateleza kwenye mfuniko uliokivaa kama kofia, mashavu yake yakishuka kwa nje. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu mistari ya shehena, zile alama za ubavuni zinazoonyesha kikomo cha kupakia, ulizitaka meli zenye mifuniko ya kuondoleka ziwe na vizingiti vya angalau milimita 600 kwenye sitaha kuu iliyo wazi. Kwenye boti ndogo urefu huo ungevunja watu magoti, kwa hiyo mashavu hayo ndiyo hubeba kazi kubwa zaidi.

Ila yasibane. Mbao hunywa unyevu ikatanuka kwa upana, wakati urefu wake karibu haubadiliki. Hata msaji, unaosifiwa kwa kutulia, ukiwa na upana wa sentimita 60 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya kiangazi na masika. Mfuniko uliobana wakati wa kiangazi utagoma kufunguka mvua zikianza. Mafundi wengi siku hizi hutumia plaiwudi ya baharini, ambayo haichezi hivyo, kisha wanabandika vipande vyembamba vya msaji juu kwa ajili ya macho.

Kwenye bawaba, tundu la skrubu hutobolewa pana, likajazwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, ikishakauka likatobolewa tena jembamba. Hivyo maji yakipenya kando ya skrubu yanakuta epoksi, mbao iko salama. Silikoni ya madirisha mimi siitaki hapo: ikishagusa mbao, rangi haishiki tena.

Mwisho hubandikwa raba chini ya mfuniko, nayo hujaribiwa kwa chaki. Paka chaki juu ya kizingiti chote, funga, kaza komeo, fungua, kisha tazama raba. Palipobaki peusi bila mstari mweupe, hapo ndipo maji yatapita.