Kitambulisho kimepotea, namba yako ipo

Mvuvi anayerudi Mwaloni Kirumba, Mwanza, pochi ikiwa imeachwa ziwani huwa na haraka ya kupata kadi nyingine ya kitambulisho cha taifa. Haraka hiyo huwaponza wengi, kwani vijiweni huambiwa wakajiandikishe upya kama watu ambao hawajawahi kusajiliwa, wakwepe malipo. Tafadhali usithubutu. Alama za vidole vyako zimo kwenye mfumo wa NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, tangu uliposajiliwa, na ukiziweka tena zitakutana na zile za kwanza. Ombi litakwama, na kudanganya katika usajili ni kosa la jinai.

Kilichopotea ni kadi. Namba ya utambulisho, yenye tarakimu 20 na inayoanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, haibadiliki. Kama hukuiandika popote, itafute kwenye tovuti ya NIDA au kwa kupiga *152*00#. Utaulizwa majina yako, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama. Huku kwetu Usukumani hapa ndipo watu wanapokwama: mama ni Ng'washi, lakini siku ya usajili aliandikwa Ngwashi. Jaribu maandishi yote mawili kabla ya kukata tamaa. Simu nayo ikiwa imepotea, anza na laini, kwa sababu kuirudisha kunahitaji namba hiyo ya utambulisho na alama ya kidole tu.

Kabla ya kulipa chochote, ulizia: ofisi ya serikali ya mtaa, viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) mwaloni, kituo cha feri uliyopanda. Kadi nyingi huokotwa na watu wema. Nawe uliyeokota, nakusihi usiirushe picha yake kwenye makundi ya WhatsApp. Taja jina tu, kisha ipeleke polisi au NIDA. Namba na tarehe ya kuzaliwa vikisambaa, umemfungulia tapeli mlango.

Isipoonekana, chukua taarifa ya upotevu polisi, ambayo siku hizi huombwa hata kwa mtandao, uende nayo ofisi ya NIDA ya wilaya yako. Mkazi wa Ukara aanzie Ukerewe, asipande meli kuja mjini bure. Ada ya kadi iliyopotea ni shilingi 20,000, nayo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu. Anayekuomba umpe mkononi nje ya geti ili "akuharakishie" si mtumishi wetu wa NIDA, hata akivaa beji. Kadi iliyovunjika au kufutika maandishi haihitaji polisi. Ilete yenyewe ofisini.

Wakati unasubiri, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya utambulisho. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma wako siku hiyohiyo ifungwe.