Mafundisho ya mtoto hayaanzi kwa katekista

Jumamosi asubuhi, kuanzia Kayole hadi Kangemi, utawaona watoto wakielekea parokiani na madaftari mkononi. Wazazi wengi wa Nairobi huamini kwamba hapo wajibu wao umekwisha: imani ni kazi ya katekista, yaani mwalimu wa dini parokiani, na padre atamalizia.

Kanisa Katoliki halijasema hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 774, inawataja wazazi kwanza: wao, kabla ya mtu mwingine yeyote, ndio wanaopaswa kuwalea watoto katika imani, kwa neno na kwa mfano. Wasimamizi wa ubatizo nao wana wajibu huohuo. Hata siku ya ubatizo, kabla maji hayajamwagwa, wazazi huulizwa kama wanaelewa jukumu hilo, nao hukubali mbele ya watu wote.

Katekista ana mtoto kwa saa chache tu kwa juma. Ishara ya msalaba, Salamu Maria, kuomba msamaha baada ya ugomvi: haya mtoto huyaona nyumbani kwanza, au asiyaone kabisa. Najua baba au mama anayerudi usiku amechoka na foleni ya Jogoo Road. Sala moja fupi kabla ya kulala yatosha kuanzia.