Mdudu wa Jino Hayupo, na Mate Yako Hatuyauzi

Mzee alinisubiri mlangoni mwa maabara tangu saa mbili kasoro, shavu la kushoto limejaa kama ana andazi mdomoni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mdudu wa jino mwenyewe, maana wenzako wa kliniki hawaniamini." Akatoa kichupa cha vidonge. Ndani, kwenye maji kidogo, mlikuwa na vitu vinne vyeupe, vyembamba, vimejikunja, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele.

Nimeacha kuhesabu huyu ni wa ngapi. Nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa bakteria wa kinywa, chuo kikuu, na hata ndugu zangu wa damu wakishajua nashinda kwenye hadubini, swali lao ni hilohilo: umeshamwona? Basi naandika leo, nikiulizwa tena nitume hii.

Mzee alikuwa amefukizwa na mganga. Mbegu za tunguja juu ya kaa la moto, shuka kichwani, mdomo wazi juu ya moshi, bakuli la maji hapo chini. Kisha akaonyeshwa bakuli: hao wametoka. Nikakiweka kimoja kwenye kioo, lenzi ndogo kabisa. Hakina mdomo, hakina utumbo, hakina pingili. Kina vijani viwili vichanga vimelaliana na kamzizi. Ni kiini cha mbegu. Tunguja ni ndugu wa nyanya na bilinganya, na ndani ya mbegu zao mche mdogo hukaa umejikunja hivyo. Joto likipasua ganda, mche unatoka. Fukiza bakuli peke yake, bila mgonjwa, bila jino, na "wadudu" watadondoka vilevile. Sisemi kila mganga ni tapeli. Wengi wanaamini kabisa wanachokiona.

Na wala si ushamba wetu peke yetu. Mwaka 1700 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea hadubini, aliiandikia Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, kuhusu funza aliopelekewa ambao eti walitolewa kwenye jino kwa moshi. Aliwalinganisha na funza wa kwenye jibini, akakuta ni walewale. Mtu huyohuyo mwaka 1683 alikuwa ameshaandika kuhusu viumbe halisi aliowaona kwenye uchafu wa meno yake mwenyewe. Mimi, zaidi ya miaka 300 baadaye, bado nafungua vichupa.

Lakini lawama nyingine ni yetu. Kiswahili chetu cha kliniki kinamwita kila kitu mdudu: wadudu wa malaria, wadudu kwenye mkojo, dawa ya kuua wadudu. Mtu mwenye tundu jeusi kwenye jino anaambiwa "jino limeliwa na wadudu", arudi nyumbani afikirie yule mdudu anayetoboa kunde? Mimi nimeshaacha. Nasema bakteria, anayeniona najidai shauri yake.

Hao bakteria hawatafuni jino. Hawana meno wao. Wanakaa kwenye utando, ule ute unaousikia kwa ulimi asubuhi, wanakula sukari uliyokula wewe, na wanachotoa ni asidi. Asidi ndiyo inayoyeyusha madini ya enameli, lile ganda gumu la nje la jino, mara pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi (ikishuka, asidi imezidi). Kazi hiyo huanza dakika chache tu baada ya funda la chai yenye sukari, na mate huhitaji kama nusu saa hadi saa nzima kuirudisha hali. W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alilichapisha jambo hili mwaka 1890: mkate na mate vikikaa pamoja kwenye joto la mwili hutoa asidi, na asidi hiyo inalainisha jino. Hakuna mnyama wa kumsaka.

Ndiyo maana huwa nakasirika zaidi na chai kuliko na pipi. Mtu anakunywa kikombe kimoja kuanzia saa tatu hadi saa sita, funda moja kila akipita mezani, vijiko vitatu vya sukari. Kila funda saa inaanza upya. Kunywa chai yako yote pamoja na chapati, umalize, basi. Sukari ileile, madhara tofauti kabisa.

Wapo wanaonijibu: "Lakini moshi uliniponya, daktari." (Mimi si daktari, nimechoka kusahihisha.) Maumivu yaliisha, sawa. Mshipa wa fahamu ndani ya jino ukioza, unakufa, na kilichokufa hakiumi. Bakteria wanaendelea kushuka na mzizi hadi kwenye taya, na wiki kadhaa baadaye unakuja na shavu kama la mzee wangu. Nilimshika mkono nikampeleka kliniki ghorofa ya chini. Uvimbe wa namna ile ukishuka shingoni, mtu akaanza kushindwa kumeza, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kutoka hapo unaelewa kwa nini watu wananunua amoksilini dukani kwa jino lililotoboka. Wanataka kuua mdudu. Dawa haizibi tundu. Jino linasubiri palepale, na bakteria wanaobaki ni wale waliozoea dawa. Dawa za kusukutua ni hadithi hiyohiyo: kinywani kumetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, wengi hawana ubaya, na huwezi kuwahamisha wote. Hata ukiweza, nafasi ikibaki wazi fangasi watashukuru.

Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru si uchafu wala si kuoza. Ni floridi nyingi kwenye maji, na kwenye magadi ya kupikia, iliyoingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi. Acheni kuwasugua watoto na mkaa.

Meno ya plastiki, au ya nailoni, yale yanayosemwa kuwa humletea kichanga homa na kuhara, hayapo. Kile kivimbe cheupe kwenye ufizi wa kichanga ni jino la kawaida, chonge, ambalo halijatoka. Homa na kuhara vina sababu nyingine, na mtoto anayechimbuliwa ufizi kwa kitu chenye ncha anaweza kufa. Mpeleke hospitali na mpe maji ya ORS. Sina subira ya kuandika zaidi hapa.

Halafu kuna uvumi kuhusu mate tunayokusanya kwa utafiti. Kwamba tunayauza, tunayapeleka kwa waganga, tunapima UKIMWI kwa siri. Unatafuna nta dakika tano, unatema kwenye kichupa, kichupa kinabandikwa namba, si jina. Kinachopimwa kimeandikwa kwenye fomu uliyosaini, na tukitaka kupima kingine lazima turudi kamati ya maadili. Mate tunayapaka kwenye sahani ya agari ya bluu, rojo la kukuzia bakteria, kisha sahani inaingia kwenye mtungi wa kioo, tunawasha mshumaa ndani na kufunika. Mshumaa ukijizima, oksijeni imepungua kidogo na hewa ya ukaa imeongezeka, hali wanayoipenda. Siku mbili kwenye nyuzi 37, mtungi ukifunguliwa chumba kizima kinanuka, na kwenye sahani kuna vidoa vya bluu vyenye mikwaruzo, kama kioo kilichosagwa. Hao ni Streptococcus mutans. Ukipaka rangi kidogo cha kidoa kimoja na kukitazama kwa hadubini, unaona mnyororo wa shanga za zambarau. Tukishahesabu, vyote vinaingia kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu, nyuzi 121, vinatupwa. Mnunuzi sijamwona bado.

Kinachotuharibia kazi ni adabu yenu. Tunawaambia msipige mswaki kabla ya kuja kutoa mate, mnaona aibu kuja kwa mtaalamu na mdomo wa usingizini, mnapiga mara mbili. Sahani zinatoka na vidoa vichache mno. Wewe wa Alhamisi, tafadhali, njoo hivyohivyo.